Kibanda cha Nivia

Nilikuwa nimetoka kuchota barafu tu.

Ni kazi ya kila mwanamke wa kambi yetu. Unachukua shoka dogo na mfuko wa ngozi ya sili, unapanda kilima, unashuka ziwani, unavunja vipande vya barafu isiyo na chumvi, unarudi kuviyeyusha juu ya taa ya mafuta. Mtoto nilikuwa naye mgongoni, ndani ya mfuko wa koti langu, uchi kama alivyozaliwa, amejibandika kwenye ngozi yangu. Pumzi yake ilikuwa inanitekenya shingoni. Ulikuwa ule msimu ambao jua halichomozi kabisa. Mchana wetu wote ni magharibi fupi: anga ya kusini inapata wekundu kidogo, kisha giza linarudi na kukaa. Nilitaka niwahi kabla wekundu haujapotea.

Aluki, jirani yangu, alikuwa anawatupia mbwa wake mifupa ambayo binadamu walishaitafuna wakachoka.

"Mama Marta!" akaniita. "Mzazi wa juzi, umeshaanza kurandaranda? Zamani ungekuwa umefungiwa kule peke yako, hata mbwa wanakuogopa."

"Zamani imekufa, Aluki. Chunga isikuzike nayo."

"Ehe! Ulokole umekupa mdomo." Akacheka. "Basi niletee na mimi kipande. Kiuno kinaniuma."

"Kiuno au uvivu?"

Nikamwacha anacheka. Ndicho kicheko cha mwisho nilichosikia siku hiyo.

Lazima niseme kwa nini nilikuwa na furaha, maana kambi nzima ilikuwa na njaa na mimi nilikuwa natembea kama bibi harusi. Tulikuwa tumevuka. Ndivyo tulivyoita sisi: kuvuka, yaani kuacha miiko ya wazee na kumfuata Yesu. Yona, mhubiri, alitujia kwa sleji, gari la kuteleza juu ya theluji linalovutwa na mbwa, akiwa na Kitabu kilichoandikwa kwa alama rahisi, hata mtoto angezijua. Hakuhubiri sana. Alimpasua sili, akautoa moyo, akaukata vipande vidogo, akampa kila mtu. Wanawake pia. Ninyi hamwezi kujua ilivyokuwa. Mwanamke wa kwetu hakuwahi kugusa moyo wa sili tangu dunia iwe dunia; mama yangu alikufa hajui ladha yake. Mimi niliutafuna machozi yakinitoka, na mbingu haikuanguka.

Wa mwisho kula alikuwa baba mkwe wangu, mzee Tulimak. Yeye ndiye aliyekuwa mganga wetu, na mapepo yake aliyatuma yakaenda, akayaita yakaja. Alikimeza kile kipande kama anayemeza jiwe. Kisha akasimama mlangoni akaliambia giza, "Nendeni. Sina kazi nanyi tena." Mbwa wote wakalia kwa pamoja. Halafu kimya.

Lakini aliyekuwa na sababu ya kuvuka kuliko wote ni mimi. Sababu yangu iliitwa Nivia.

Nivia alikuwa dada yangu. Kwa sheria ya zamani, mwanamke wa kujifungua alijengewa kibanda chake kidogo cha theluji, mbali na watu. Atazaa humo peke yake. Haguswi. Mlango unazibwa kwa pande la theluji. Akisaidiwa na mtu, eti sili watakimbia na kambi itakufa njaa. Uchungu wa Nivia haukuisha. Maji yake ya kunywa yalikwisha kabla yake. Tulimsikia sote. "Nina kiu," alisema. "Jamani, nina kiu." Nilikuwa msichana mdogo. Nilichukua kikombe, nikakimbia, wanawake wazima wakanishika mikono wakanikalia hadi nikachoka kupiga mateke. Sauti ikawa inapungua... inapungua... Walipofungua mlango walikuta ameula ukuta wa kibanda mpaka pakawa na shimo. Theluji haikati kiu. Inakuibia joto tu.

Marta wangu nilimzaa nyumbani, juu ya kitanda chetu, Aluki amenishika mabega, mume wangu Ulayuk akininywesha maji kwa mkono wake. Hayo maji peke yake yangetosha kuniokoa.

Jambo moja tu lilinichoma. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu, na marehemu hupata pa kutulia ndani ya jina hilo. Miaka yote nilikuwa nimemwekea dada yangu nafasi. Yona akakataa.

"Ya kale yamepita, dada yangu," aliniambia. "Huyu ni Marta. Maisha mapya, jina jipya. Wafu tumwachie Mungu."

"Na Nivia atakaa wapi?"

"Si nimekwambia? Kwa Mungu."

Nilikubali. Nilikuwa na furaha mno kuweza kubishana.

Basi nikafika ziwani, nikavunja barafu, nikajaza mfuko, nikageuka. Na pale penye mawe mawili, kando ya njia niliyotoka kupita muda si mrefu, palikuwa na kibanda.

Kidogo. Cha theluji. Mlango umezibwa.

Nikajiambia ni wawindaji. Lakini mwindaji gani anajenga mahali ambapo akipiga chafya kambini wanamsikia? Nyayo zilizokuwepo ni zangu peke yangu, za kwenda. Na mahali penyewe nilipajua. Kibanda cha Nivia kilikuwa pale pale, na kiliyeyuka majira ya joto yaliyofuata kifo chake. Nilikiona kwa macho yangu kikiwa dimbwi.

Harufu ikanijia. Taa iliyozimika. Na damu ya uzazi, harufu ambayo mwanamke aliyezaa juzi hawezi kuikosea.

Krrs... krrs... krrs...

Mtu alikuwa anaula ukuta kwa ndani.

"Ushindwe kwa jina la Yesu," nikasema, lakini sauti haikutoka. Midomo tu ilicheza. Ile krrs ikanyamaza. Kisha, polepole, karibu kabisa na theluji, kama mtu aliyeweka mdomo ukutani:

"Nina kiu."

Nilikimbia. Mfuko nikautupa, shoka nikalitupa. Nilikuwa nimefika nusu ya kilima nilipogundua kwamba shingo yangu haitekenywi tena.

Nyumbani alikuwepo mzee Tulimak peke yake, akinoa chusa. Ulayuk alikuwa mbali juu ya bahari iliyoganda, ameinama kwenye tundu la kupumulia la sili tangu jana yake, akingoja. Nilimtoa mtoto mgongoni. Alikuwa hai. Alipumua, lakini kidogo, kama anayepumua kwa kuombwa. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimpa titi, maziwa yakamtiririka shavuni. Hakulia wala hakunitazama. Alikuwa anatazama mlango.

"Baba," nikasema. "Kuna kibanda penye mawe mawili."

Mzee aliacha kunoa. Hakuuliza kibanda gani. Alitambaa akatoka nje, akakaa huko, akarudi. Alikaa chini akaupa mlango mgongo.

"Umekiona?" nikamwuliza.

"Sikutazama," akasema. "Nimekisikia."

"Ni Nivia?"

"Ama ni Nivia, mmemnyima jina na sasa hana pa kukaa. Ama ni wale wangu." Alikuwa ananong'ona, mtu mzima yule, kama mtoto anayeogopa kuchapwa. "Niliwaambia waende. Sikuwaambia waende wapi. Wanazijua sauti zote za kambi hii, mwanangu. Walikuwepo watu walipozaliwa na walipokufa."

"Wanataka nini?"

"Kile anachotaka kila aliye nje kwenye baridi. Kuingia."

Nilimweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Nilimdondoshea maziwa kwa kidole. Niliimba wimbo aliotufundisha Yona mpaka nikasahau maneno, nikaendelea kuimba bila maneno. Niliomba. Niliomba vibaya, kwa hasira, kwa kelele, kama mtu anayegombania nyama. Alizidi kupoa. Kile kifua changu kilichokuwa kinawaka moto hakikumpa joto hata kidogo, na mimi nilihisi nachanganyikiwa.

Mzee akanisogelea.

"Naweza kuwaita," akasema. "Neno moja tu. Wakirudi kwangu, mtoto atanyonya. Turudishe miiko. Tukujengee kibanda, ukae siku zako, utoke. Yona yuko kambi nyingine, hatajua."

"Na Yesu? Naye yuko kambi nyingine?"

Machozi yalikuwa yanamtoka mzee wa watu. Alimpenda yule mtoto. "Mkwe wangu, nikwambie kweli. Yesu namwogopa kidogo. Hao nawaogopa sana."

Nami niseme kweli. Nilitaka kumwambia aite. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Mama ambaye mtoto wake anapoa kifuani haulizi msaada umetokea mlango gani. Lakini nikamwona Marta akiwa mkubwa, ana mimba, anatambaa kuingia kwenye kibanda kile, na watu wanaziba mlango nyuma yake. Nikauona mdomo wake ukutani.

"Hapana."

"Atakufa."

"Basi afe amevuka!" nikapiga kelele, na papo hapo nikauchukia mdomo wangu uliosema hivyo. Niliuziba kwa mkono.

Ndipo tuliposikia. Kutoka nyuma ya kilima, mahali ambapo sauti ya mnong'ono haiwezi kufika, ilifika.

"Nina kiu..."

Mbwa hata mmoja hakubweka.

Nilimtazama mzee. Na nikafikiri jambo ambalo halikuwahi kunijia kabla ya saa ile. Miaka yote nilikuwa nalia kwamba nilizuiwa. Sasa nimezuiwa na nani? Sheria iliyonishika mikono niliila pamoja na ule moyo. Yona alitusomea habari za Bwana aliyekuja akiwa na kiu, wengine wakampa maji na wengine wakapita, na hakuna aliyemtambua. Hakuna mahali pameandikwa umwulize kwanza yeye ni nani.

Nikachukua kikombe cha bati, nikakijaza maji ya moto kutoka juu ya taa, nikakificha ndani ya koti kisigande. Mtoto nikamrudisha mgongoni.

"Usimpe kitu," Tulimak akasema. "Ukimpa, umemkaribisha."

"Nishike basi, baba. Nishike mikono kama walivyonishika."

Hakunishika.

Wekundu wa kusini ulikuwa umekwisha. Kibanda kilikuwa pale pale penye mawe mawili, na kwa ndani palikuwa na mwanga hafifu, kama taa inayokata roho. Krrs... krrs... Nilipiga magoti. Kisu kiliteleza mara kwa mara kabla sijalikata lile pande la mlango. Likaanguka ndani. Mwanga ukazimika.

Giza. Na joto. Hewa yenye joto ilinipuliza usoni, nzito, ya damu.

"Nimekuletea maji," nikasema. "Kwa jina la Yesu. Kama wewe si wake, yakuchome koo."

Mkono ukatoka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mkono wa baridi, mkono wa maiti. Huu ulikuwa wa moto, mlaini, wa mwanamke. Uligusa vidole vyangu ukakipokea kikombe. Nikasikia akinywa. Alikunywa kwa pupa, kwa kugugumia, akanywa kupita kikombe chochote kinavyoweza kubeba. Halafu akashusha pumzi.

"Mdogo wangu," akasema. Ilikuwa sauti yake. Mungu wangu, ilikuwa sauti yake mwenyewe! "Mbona umechelewa?"

"Walinishika, dada." Nililia kama siku ile. "Walinishika."

"Umempa jina gani?"

Nilijua anachotaka. Lilikuwa neno dogo, nami nilikuwa nimelihifadhi miaka yote. Nikang'ata meno.

"Marta."

"Si langu hilo."

"Si lako. Nenda kwa Mungu, dada. Umeshakunywa. Nenda kapumzike."

Nikahisi pumzi shingoni. Nikajua amenizunguka, amekuja nyuma yangu. Kisha ile pumzi ikanitekenya. Ilikuwa ya mwanangu. Na kabla sijaamini, Marta akafungua kinywa akalia, kilio kikubwa cha njaa, kilio kizuri kuliko nyimbo zote za Yona.

Sikukumbuka kikombe. Nilikimbia. Alinyonya usiku wote hadi akaniumiza, na mimi nilicheka kwa maumivu yale.

Ulayuk alirudi akimburuta sili mnene. Kambi ilipiga vigelegele. Aluki alibeba damu kwa mikono akisahau habari ya kiuno.

"Huyu hakunisumbua," mume wangu alisema. "Alipanda mwenyewe, akaja mpaka kwenye chusa. Kama ameitwa."

Tulimak alinitazama. Tulipogawana moyo wa sili, tukamshukuru Mungu, yeye alisema ameshiba. Mtu aliyekuwa anatafuna kamba za ngozi jana yake.

Wekundu uliporudi kusini tulikwenda, mimi, mzee na Ulayuk. Kibanda hakikuwepo. Wala pande la mlango wala alama. Palikuwa na theluji tupu, na nyayo zangu. Katikati, kati ya mawe mawili, kikombe cha bati kilikuwa kimesimama wima. Nilikiinua.

Kilikuwa kimejaa barafu hadi ukingoni. Hakikupungua hata tone.

Yona alipokuja nilimweleza yote. Akakifunga Kitabu kilichokuwa magotini.

"Hukumpa jina?"

"Sikumpa."

"Basi umeshinda, dada yangu. Yesu amekushindia."

Naamini hivyo. Siku nyingi naamini hivyo.

Nilipiga marufuku jina la Nivia nyumbani kwetu. Ulayuk hakulitaja, Aluki hakulitaja, na mzee ndiyo kabisa. Marta akakua. Alichelewa kusema, tukaanza kudhani ni bubu. Jioni moja nilikuwa nasawazisha utambi wa taa, yeye amekaa mapajani kwa babu yake, akanitazama usoni na kutamka neno lake la kwanza. Halikuwa mama.

"Mdogo wangu," akasema.

Utambi ukanianguka. Tulimak akamweka mtoto chini taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu cha kuvunjika.

"Ndivyo Nivia alivyokuwa akikuita?"

"Ndivyo, baba. Bila shaka ni yeye. Nani mwingine angejua?"

"Wale wangu," akasema mzee. "Wale wangu walikuwa wakimsikia akikuita."

Hakulala tena ndani ya nyumba yetu. Alikufa majira yaliyofuata, ameokoka, amekikumbatia Kitabu kwa mikono yote miwili kama mtu anayeziba mlango.

Sasa mimi ni kikongwe na Marta ana watoto wake. Amebatizwa, anampenda Yesu, anaimba kanisani mpaka wageni wanageuka kutazama ni nani. Wanawake wote wa kwetu wanazaa kwenye joto, wameshikwa mikono na watu wanaowapenda. Nikirudishwa siku ile nitasema hapana tena, na tena. Sijutii kuvuka.

Lakini kila msimu ambao jua halichomozi, Marta anakuja kunitikisa gizani. Ananywa birika zima, bado midomo yake imekauka. Simwoni uso. Nasikia tu ile sauti ndogo, karibu na sikio langu:

"Nina kiu."

Siulizi ni nani. Naamka, nachota maji, nampa.